Karatasi ya Kisima na Maji ya Bati

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na faili moja alilolipenda kuliko mengine yote. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maabara yenye muhuri: floraidi iko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, vimelea vya kinyesi hakuna, maji ya kisima cha shule yanafaa kunywewa. Mgeni yeyote akifika, hata wa kugawa vyandarua, faili linatolewa.

Hiyo ni Januari 2020, shule ndogo ya msingi huko Chamwino, nami nikiwa mwalimu wa afya. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka ule zilinyesha hasa. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa muda mrefu ikisubiri vipuri, kwa hiyo mvua ya kwanza ilipojaza simtanki letu la lita 5,000 kutoka kwenye bati la madarasa, walimu tulishangilia. Nani angependa kuwatuma tena watoto korongoni na madumu?

Shule ilipofunguliwa, daftari la mahudhurio la darasa la pili likaanza kujaa wagonjwa. Wote matumbo.

Bwana afya wa kata akaja na pikipiki, nyuma amempakia dada mmoja mtaalamu wa maji kutoka wilayani. Mwalimu mkuu akatoa faili. Yule dada akaisoma karatasi yote, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Asante, mwalimu. Na watoto wanakunywa wapi?"

Wakaonyeshwa tanki, kisha ndoo iliyo kivulini na kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba kisiibwe.

"Basi na mimi nachota hapohapo."

Mimi nilidhani kuchota sampuli ni kukinga tu. Alinawa, akaifuta koki ya tanki kwa pamba yenye spiriti, akaichoma kwa kiberiti cha gesi, akayaacha maji yamwagike kidogo. Ndipo akafungua chupa, kifuniko amekibana kwa kidole kidogo ili kisiguse kitu, akakinga bila kuijaza hadi juu. Ya ndoo aliichota kwa kikombe kilekile cha watoto, makusudi. Chupa zikaingia kwenye kisanduku cha barafu ziwahi maabara mjini siku hiyohiyo, maana sampuli ikipigwa na joto njiani majibu yake si ya kuaminika.

Kabla hawajaondoka, bwana afya alipanda ngazi akachungulia mfereji wa bati. Akashuka amekunja uso. Kinyesi cha popo, manyoya ya njiwa, majani yaliyooza. Uchafu wa kiangazi kizima, na mvua ya kwanza ilikuwa imeusomba wote hadi ndani ya tanki. Mfuniko nao haukuwepo.

Yule dada aliniachia kichupa chenye karatasi ya dawa, nikijaze maji ya ndoo na kukiweka ndani. "Kikiwa cheusi, mwalimu, ni dalili ya kinyesi; usisubiri simu yangu." Nilikiweka kwenye kabati la ofisi, karibu na mitihani ya zamani. Asubuhi kilikuwa cheusi tititi. Majibu ya maabara yalipokuja yalisema hivyohivyo, tena ndoo ilikuwa chafu kuliko tanki. Kiwango cha maji ya kunywa cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), TZS 789, hakiruhusu hata kimelea kimoja cha kinyesi kwenye mililita 100.

Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama kwa hasira. "Maji ya mvua ni ya Mungu. Yatakuwaje machafu?"

"Shikamoo mzee," bwana afya akamjibu. "Mungu ameyaleta safi kabisa. Lakini bati ni la popo."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilitusaidia kuliko karatasi zote za siku ile. Wazazi wenyewe wakamwaga maji, wakasugua tanki, wakatengeneza mfuniko, na fundi mmoja akaweka kiungo cha bomba kwenye mfereji ili mvua ya kwanza imwagwe nje. Kila mtoto akaambiwa aje na kikombe chake. Mimi nikafundishwa kutia klorini, kusubiri nusu saa, kisha kupima kwa kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi: ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Watoto wa darasa la kwanza waligombania kuona rangi ile.

Kazi ikawa hela. Fedha za uendeshaji zilikuwa na mafungu yake, na fungu la klorini halikuwemo. Mwalimu mkuu, aliyekwisha kuipenda klorini kama alivyolipenda lile faili, akaiandika chini ya chaki. Mkaguzi wa hesabu alipouliza ni chaki gani hiyo inayouzwa kwa kopo, tulimpeleka kwenye tanki, tukampa kikombe.