Vichupa vyangu vya safari, tangu siku nguo ya shangazi ilipoharibika

Shangazi alikuwa ameshonesha nguo ya kitenge kwa ajili ya nikaha ya mwanawe Kampala, akanikabidhi mimi niibebe. Nilipanda basi la usiku kutoka Arua, mwendo wa karibu kilomita 500. Asubuhi nilipofungua begi, losheni ilikuwa imesambaa kifuani pa ile nguo na mafuta ya nywele yameingia hadi kwenye bitana. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, lete sabuni ya mche tujaribu." Tulifua, tukafikicha, doa likabaki. Siku nzima ya sherehe alijitanda mtandio mpana juu yake, na kila nilipomtazama roho iliniuma.

Kazi yangu ni biashara ya vitenge. Nachukua mzigo Koboko, nauza Arua na Kampala, kwa hiyo tone moja la mafuta kwenye begi ni hasara kamili. Baada ya ile nikaha nikaamua nisibebe tena chupa kubwa za dukani, bali vichupa vya kujaza upya kutoka nyumbani.

Seti ya kwanza niliinunua Kikuubo, eneo la maduka ya jumla Kampala, vichupa vitano ndani ya kimfuko cha zipu. Vilikuwa vizuri kwa macho. Safari hiyo nilivifunga kwenye kaveera mbili, yaani mifuko ya plastiki, kwa hofu, na kweli, vitatu vilivuja. Nikakaa chini na kimoja kilichovuja na kimoja kilichopona, nikavilinganisha mkononi. Plastiki ni ileile, unene uleule. Tofauti ilikuwa kwenye kifuniko. Kile kilichopona kilikuwa na kisahani chembamba laini ndani, kinachogandamana na mdomo wa chupa unapokaza. Kile kilichovuja hakikuwa nacho, plastiki ngumu imekutana na plastiki ngumu. Tena mdomo wake ulikuwa na kijipele cha plastiki kilichobaki kiwandani. Ukipitisha ukucha unakisikia, na hapo ndipo mafuta yalipopitia.

Tangu siku hiyo sinunui kichupa kabla ya kukifungua mbele ya muuzaji. Nachungulia ndani ya kifuniko, napitisha ukucha mdomoni, kisha nahesabu mizunguko. Kifuniko kinachokaza kwa nusu mzunguko sikitaki. Nataka kizunguke mara mbili hivi ndipo kikaze. Vile vya kubofya kwa kidole vinapendwa kwa sababu ni rahisi bafuni, lakini begi likibanwa na magunia chini ya basi hufunguka vyenyewe. Wauzaji wengine hukasirika ukikagua hivyo. Mimi husema, "Samahani mzee, nguo za watu ziko ndani ya begi hili," na wengi huniacha niendelee.

Nyumbani kuna jaribio. Najaza maji yenye tone la wino, nakaza, nakigeuza kichwa chini juu ya gazeti kuukuu hadi asubuhi. Kabla ya kulala nakifinya kwa nguvu mara kadhaa. Gazeti likiwa na hata nukta moja ya buluu, kichupa hicho kinabaki nyumbani.

Mafuta ya shea yalinisumbua kuliko kitu kingine. Huku kwetu kaskazini tunayaita moyao, na ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, huyeyuka upesi zaidi. Basi likivuka daraja la Pakwach mchana, ndani ya begi ni maji matupu. Ukifika sehemu ya baridi yameganda tena, na kwenye kichupa chenye mdomo mdogo hayatoki. Yanataka kikopo cha mdomo mpana chenye kifuniko cha kuzungusha. Wakati mmoja niliyayeyusha jikoni nikayamimina yakiwa ya moto kwenye chupa angavu, ya aina ile ya soda, yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini. Ilijikunja mbele ya macho yangu. Sasa natafuta namba 5, inayovumilia joto, na bado nasubiri mafuta yapoe kwanza.

Kitu kingine ni hewa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Ukipanda, hewa iliyofungiwa ndani ya chupa hutanuka na kusukuma shampuu nje. Ukifungua tu inakurukia. Kwenye ndege ni hivyohivyo. Kwa hiyo kichupa laini nakifinya hewa itoke, halafu ndipo nakaza.

Sijazi kipya juu ya mabaki. Naosha kwa maji moto kiasi na sabuni, nakiacha wazi kikauke kabisa, kwa sababu maji yakibaki ndani losheni huoza. Juu yake nabandika plasta yenye jina la kilichomo. Na chupa ya maji ya kunywa siitumii kamwe kwa shampuu. Nyumbani kuna watoto.

Mwaka huu shangazi alipata nafasi ya kwenda Umra, akaniomba nimwandalie vyake. Hapo nilifurahi mno. Mabegi anayoingia nayo ndani ya ndege yana sharti la mililita 100 kwa kila chombo, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha, usiozidi lita moja, na kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo chenyewe. Chupa ya mililita 200 yenye sabuni kidogo chini itakataliwa. Tena akishaingia kwenye ihramu, yaani hali ya ibada ya Umra, haruhusiwi manukato, hivyo sabuni na mafuta yote yalitakiwa yasiyo na harufu. Nilikuwa na vichupa vyangu vya silikoni, vizuri sana kufinya, nikavichemsha mara mbili, lakini harufu ya losheni ya zamani haikutoka. Silikoni hushika harufu. Nikanunua vinne vipya vya plastiki ngumu kiasi, nikavilaza kwenye gazeti usiku mbili mfululizo.

Asubuhi nilimpelekea shangazi kwake. Alifungua kimoja kimoja, akakisogeza puani, akanusa kwa muda mrefu, akakigeuza kichwa chini juu ya kiganja chake mwenyewe. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ile nguo ya kitenge ya nikaha, akaniambia niiweke kwenye begi lilelile, juu ya vichupa.