Nilivyoshona tutu nane bila waya

Mwalimu wa baleti alikuja dukani kwangu na picha moja tu kwenye simu: wasichana wamejipanga mstari, sketi zao fupi nyeupe zimetuna kama pamba iliyochambuliwa. "Fundi, nataka hizi. Nane. Watoto wana miaka 11 hadi 13." Nilikuwa nimeshona magauni ya harusi Nairobi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo Mombasa kwa shangazi yangu aliyenifunza cherehani, lakini tutu, sketi hiyo ya baleti, sikuwahi hata kuishika. Nikamwomba wiki sita.

Nilikosea mwanzo kabisa. Tutu niliyoijua mimi ni ile bapa kama sinia, yenye matabaka kumi na mawili ya neti na waya wa duara uliofichwa katikati ili isilale. Nikashona mbili za majaribio za aina hiyo. Zikasimama vizuri juu ya meza, nikazifurahia. Siku ya kuvalishwa ukumbini, watoto wawili waliposimama ubavu kwa ubavu, sketi zikagusana. Waya ukabonyea upande huu, upande wa pili ukainuka juu hadi mtoto akashika nyuma kwa aibu. Jukwaa lenyewe dogo, na ngoma ilitaka wote wanane wapite kwa pamoja.

Mwalimu hakunilaumu. Aliniambia, "Hilo ndilo lililomkuta Karinska." Jina hilo nikaenda nalo nyumbani, na usiku ule sikulala mapema.

Barbara Karinska alizaliwa Kharkiv mwaka 1886. Alianzia kwenye kutarizi, akahamia Paris, kisha New York, na huko akawa mshonaji wa George Balanchine, mtunzi wa ngoma za baleti. Tuzo ya Oscar ya mavazi ilipotolewa kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa miongoni mwa walioipata, kwa filamu ya Joan of Arc ya 1948. Balanchine alikuwa na ngoma iitwayo Symphony in C, aliyoitunga Paris mwaka 1947 kwa jina jingine, na mwaka uliofuata akaipeleka New York. Mwisho wake wachezaji wote hujaa jukwaani kwa mara moja, zaidi ya arobaini. Ukiwavisha sketi za waya, zitagongana na kuyumba kama miavuli sokoni. Karinska mwaka 1950 akautoa waya. Akapunguza matabaka hadi sita au saba, akayafanya mafupi, akayashikanisha kwa ulegevu. Sketi zikawa zinagusana na kurudi mahali pake bila kuinuana.

Sawa, lakini bila waya neti inasimamaje? Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi.

Shangazi alikuwa na gauni la ujana wake, kiuno chembamba, sketi imefumuka hadi chini ya magoti. Alilitunza kabatini pamoja na petikoti yake, na petikoti hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote. Aliipiga kanji, akaianika juu chini kwenye kamba, ikakauka ngumu kiasi cha kusimama peke yake sakafuni. Alikuwa akisema gauni linabebwa kiunoni, si pindoni. Marinda yakiwa mengi pale juu yanasukumana, yakisukumana yanaenda nje.

Mtindo wenyewe ulitoka Paris. Tarehe 12 Februari 1947 Christian Dior alionyesha mavazi yake ya kwanza, sketi pana zilizofunguka kama ua, na chini yake kazi nzito ya ndani isiyoonekana. Wanawake wa Ulaya walikuwa wametoka kwenye vita. Uingereza nguo zilinunuliwa kwa kuponi tangu 1941, na kuponi zenyewe hazikuondolewa hadi 1949. Jumba la opera la Covent Garden, London, lililokuwa ukumbi wa dansi wakati wa vita, lilifunguliwa upya Februari 1946 kwa baleti ya The Sleeping Beauty, Margot Fonteyn akiwa binti mfalme, mavazi yamebuniwa na Oliver Messel, na nje mtu anahesabu kuponi zake kabla ya kununua koti. Mimi naamini macho yaliyoona jukwaa lile ndiyo yaliyoutamani upana wa Dior mwaka mmoja baadaye. Fonteyn mwenyewe alikuwa mteja wa Dior, na Dior naye mwaka uleule wa 1947 alibuni mavazi ya baleti ya mtunzi Roland Petit. Fundi wa gauni na fundi wa jukwaa walikuwa wakitazamana.

Basi nikarudi kwenye meza na akili ya petikoti. Neti laini ya shela niliiacha. Jasho kidogo tu inalala. Nilizunguka Biashara Street mpaka nikapata neti kavu, ile ikikwaruza shingo unaijua. Nikakata matabaka saba. La chini kabisa inchi 7, na kila linalofuata nikaliongeza nusu inchi, hadi la juu likafika inchi 10. Kila tabaka nikalivuta marinda mara mbili, nyuzi mbili sambamba, nikalishona kwenye chupi na mkanda wa nyonga, tabaka moja moja, nikianzia chini. Hapo ndipo penye kazi. Neti ikirundikana chini ya mguu wa cherehani sindano inakatika. Nilivunja sindano sita kwa tutu ya kwanza, kisha nikaamua matabaka mawili ya juu niyashone kwa mkono.

Mwisho nikapiga bandi kutoka tabaka hadi tabaka, mishono mirefu, uzi umelegea upana wa kidole. Nilipokaza uzi, sketi ilikuwa sinia tena. Nilipolegeza ikapumua, ncha za neti zikawa hazilingani, na kutolingana huko ndiko kulikotoa ule utunaji wa kwenye picha.

Bodi, sehemu ya juu inayobana kifua na kiuno, ilinipa somo jingine. Niliikata kama bodi ya bibi harusi, satini juu ya drili, uzi wa kitambaa umenyooka pande zote. Mtoto wa kwanza kuijaribu alicheza dakika mbili, akanijia amekunja uso: "Fundi, siwezi kuvuta pumzi." Nilipomfungulia kulabu nikakuta alama nyekundu kwenye mbavu zake. Ile iliniuma. Bibi harusi anatembea na kukaa, huyu anaruka.

Jibu lilikuwa kwa Karinska tena. Vipande vya ubavuni yeye alivikata hanamu, yaani mshazari kwa uzi wa kitambaa, ili kitambaa kivutike na kurudi pamoja na mbavu. Nikafumua bodi zote, mbele na mgongoni nikaacha uzi ulionyooka, chini ya kwapa hadi nyonga nikaweka vipande vya hanamu, drili na satini vyote viwili. Na kama wewe ni fundi unayesoma hapa, bodi ya namna hiyo itundike usiku kucha kabla ya kukata pindo la chini. Hanamu hushuka. Ukiikata siku hiyohiyo, asubuhi utakuta upande mmoja umeurefukia mwingine.

Mtoto yuleyule akaivaa tena. Nikaweka kiganja ubavuni mwake nikamwambia avute pumzi kwa nguvu, na nikahisi kitambaa kikifunguka chini ya vidole vyangu.

Siku ya onyesho nilisimama pembeni ya jukwaa na sindano yenye uzi mweupe kifuani. Wanane walipita kwa mistari miwili, sketi zikisuguana kwa sauti kama majani makavu, hakuna hata moja iliyoinuka. Walipotoka nikazipokea moja moja, zimelowa mgongoni, nikazitundika juu chini kwenye kamba, kama petikoti ya shangazi, ili matabaka yaanguke kuelekea kiunoni yasilale. Moja ilikuwa imechanika tabaka la tatu. Nilikaa chini yake nikaanza kuishona kabla watoto hawajamaliza kuvua viatu.