Bagamoyo kwa siku mbili tatu: tazama mwezi kwanza, chumba baadaye

Wengi wanaotoka Dar kwenda kulala Bagamoyo huanza na bei ya chumba, kisha wanatafuta Jumamosi yenye nafasi. Ndiyo maana malalamiko hayaishi: "Tulifika ufukweni, bahari haipo." Bahari ipo, ila imekupwa. Ufukwe wa Bagamoyo ni bapa, hauna mteremko wa maana, na siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji yakitoka yanakwenda mamia ya mita, yanaacha mchanga wa tope na ngalawa zilizolala ubavu. Anza na mwezi wa angani, hoteli itafuata.

Hesabu yake haihitaji jedwali. Tazama tarehe ya Kiislamu kwenye kalenda yoyote ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 hivi, ni bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Siku hizo maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu, alfajiri na jioni, na hukauka kati ya saa 4 na saa 5 na nusu, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, tarehe 8 au 9, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali, lakini saa zimegeuka: inajaa saa 4 au saa 5 asubuhi, inakupwa jioni. Katikati ya hapo ongeza kama dakika 50 kila siku. Leo ikijaa saa 9 alasiri, kesho itajaa karibu saa 10.

Kwa anayetaka kuogelea na kuona mji, bamvua ndiyo bora, ingawa wengi wanaiogopa. Asubuhi bahari iko mbali na wewe huna kazi nayo: unatembea mjini kabla jua halijawa kali. Jioni unaporudi umechoka, maji yamejaa hadi karibu na minazi. Wenye watoto wadogo wachague maji mafu, kwa sababu mkondo ni mpole na hakuna safari ndefu ya kufuata maji. Ila wajue watoto wataogelea asubuhi, na mji utawangoja jua likiwa utosini.

Jambo jingine la maji ni rangi. Mto Ruvu unamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji, na ukibeba udongo wa bara bahari inakuwa ya kahawia. Kwa hiyo anayetafuta maji ya kioo kama ya Unguja atakasirika bure. Yanakuwa masafi zaidi yakielekea kujaa, kwa kuwa maji ya nje yanaingia, na wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mvua zikiwa zimetulia. Masika, Machi hadi Mei, usije kwa ajili ya kuogelea. Juni hadi Septemba kuna kusi: hewa ya ubaridi, kutembea ni raha, lakini mchana upepo unapanda, bahari inachafuka na majani ya baharini yanaletwa ufukweni. Kwa mtu anayekuja kwa ajili ya mji wenyewe, Julai na Agosti ndiyo miezi yangu. Kwa wa maji, Februari, na joto lake alivumilie.

Angalia pia mambo mawili ya kalenda. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa, na utategemea jiko la hoteli. Ila usiku futari inafanya mji uchangamke kuliko wakati wowote. La pili ni tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambalo kwa kawaida huwa kati ya Septemba na Novemba. Wiki ile vyumba vinakwisha mapema na ngoma hazilali. Kama ndizo unazofuata, weka nafasi mapema. Kama unataka utulivu, iepuke kabisa.

Sasa chumba. Kuna sehemu tatu za kulala. Hoteli za ufukweni zina bustani na nafasi, ila mwishoni mwa wiki zinajaa watu wa Dar na muziki, na katikati ya wiki mara nyingi kuna semina na warsha. Uliza wazi: "Tarehe hizo kuna semina, harusi au muziki?" Usiulize "kuna utulivu?" maana jibu ni ndiyo siku zote. Magomeni ya Bagamoyo, upande wa stendi, kuna gesti za bei nafuu, na kwa anayepita usiku mmoja zinatosha. Gesti nyingi hazipokei wanaume wawili chumba kimoja, kwa hiyo marafiki wanaogawana gharama waulize kabla. Sehemu ya tatu ni nyumba za Mji Mkongwe, na hizo zinahitaji maelezo zaidi.

Nyumba kongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, mita 3 au pungufu, hata kama ni virefu. Kitanda kikubwa na chandarua chake kinakula upana wote. Kuta nene zinatunza ubaridi mchana, lakini usiku zinatoa joto zilizolimeza, kwa hiyo chumba cha ghorofani chenye madirisha mawili yanayoelekeana kina thamani kuliko cha chini chenye kiyoyozi. Tatizo kubwa ni unyevu. Matumbawe yanavuta maji na chumvi kutoka ardhini. Chokaa inaacha ukuta upumue, saruji inaufungia, na hapo ndipo plasta inavimba na kubanduka. Ukiona ukuta wa chini umechanua unga mweupe na rangi inamenyeka, nusa godoro kabla ya kulipa. Begi liweke kwenye kiti, mbali na ukuta. Na kama usingizi wako ni mwepesi, hesabu msikiti uko umbali gani na adhana ya alfajiri.

Popote utakapolala, maswali ya simu ni haya: bei ni ya chumba au ya mtu, chai ya asubuhi imo ndani? Maji ni ya bomba au ya kisima? Visima vya karibu na bahari vina chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakakamaa. Kuna tangi na jenereta, na jenereta inawasha feni za vyumbani au taa za baa tu? Chandarua ni kizima? Hapa ni pwani ya malaria, na chandarua chenye tundu ni pambo. Malipo ya awali yafanye kwa namba ya biashara inayotaja jina la hoteli, na usitume kwenye namba binafsi ya "meneja". Kitambulisho cha taifa beba, kwa sababu watakiandika mapokezi, na katika vituo vya kihistoria ndicho kinachokupa kiingilio cha Mtanzania badala ya cha mgeni.

Usafiri ni mwepesi. Kutoka Dar ni kilomita 70 na kidogo, daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho, na njia ni Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Panga saa mbili, na tatu kama unatoka Ijumaa jioni, kwa sababu foleni yote iko kabla ya Bunju. Mwenye gari lake ashike kilomita 50 kwa saa kila penye kibao. Trafiki wa tochi za kupima mwendo wanaijua barabara hii vizuri. Anayetoka Tanga, Moshi au Arusha hana haja ya kufika Dar: ashuke Msata, achukue gari la Bagamoyo kwa lami ya kilomita 64. Stendini panda bajaji hadi hotelini, mkubaliane bei kabla hujakaa.

Kutazama mji, asubuhi moja inatosha kama utaanza saa 1. Anzia kusini, Kaole, kilomita 5 hivi kutoka mjini: magofu ya misikiti, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Nenda kwa bodaboda au bajaji kwa njia ya barabarani, na dereva akungoje. Usijaribu kukata ufukweni peke yako. Njia inapita penye mikoko na upweke, vibaka wanaijua, na maji yakianza kujaa huna pa kupandia. Rudi mjini ufuate barabara ya zamani: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, forodha, Caravan Serai walipopumzika wapagazi wa misafara. Viingilio vya serikali lipa kwa namba ya malipo na udai risiti. Anayedai taslimu mkononi kwa "ada ya kupiga picha" mwache aendelee na safari yake. Mpiga picha wa watu aombe ruhusa, na nguo ya kuogelea ibaki ufukweni.

Misheni ya Roho Mtakatifu, kaskazini mwa mji, iwekee saa yake mchana, kwa kuwa njia yake ina kivuli cha miembe. Ilianzishwa mwaka 1868. Makumbusho yake yamo katika jengo la masista la mwaka 1876 na ndiyo yaliyopangwa vizuri kuliko yote mjini. Katika mnara wa kanisa la kwanza mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Jumapili usiende kutalii wakati wa misa.

Mwambakuni, fungu la mchanga linaloonekana maji yakikupwa, ni safari ya bamvua tu. Ondoka saa 1 au saa 2 asubuhi maji yakiwa yanatoka, ukae juu ya fungu yakiwa makavu, urudi yakianza kupanda, kabla upepo wa mchana haujakolea. Ukichelewa kuondoka, chombo kimekaa mchangani. Ukiwahi kurudi, utateremka mbali na kukanyaga tope hadi nchi kavu. Hapo buruta miguu badala ya kuinyanyua, samaki taa aliyejifukia mchangani akimbie kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Kabla ya kupanda hesabu maboya ya kuvaa, moja kwa kila mtu. Na atakayekuambia jahazi lake linakuvusha hadi Unguja usiku kwa bei ya kirafiki, mshukuru. Boti za abiria zinatoka Dar.

Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, inawezekana kwa siku moja, ila ni siku nzima na gari lililoinuka kutoka ardhini, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa kule unanasa hata magari ya kazi. Ipe siku yake, usiibane na mji.

Chakula cha hoteli agiza kabla hujaingia majini. Samaki wa kupaka anachukua saa nzima, na jikoni hawaanzi hadi uagize. Soko la samaki ufukweni ni bora kwa changu au kibua wa kukaanga jioni, na mihogo yenye pilipili. Tazama mashavu ya samaki kwa ndani yawe mekundu. Ila usiogelee mbele ya soko: pana kamba za nanga, matumbo ya samaki na ndoano.

Kurudi Dar Jumapili, ondoka kabla ya saa 8 mchana. Ukishindwa, lala hadi Jumatatu na usiondoke alfajiri, maana utaikuta Tegeta imejaa watu wanaokwenda kazini. Saa 4 asubuhi barabara inapumua.