Wino Mwekundu

Mwaka 2021 niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Tabora, ambacho sitakitaja jina, kwa sababu mkaguzi wa nje alikuwa ameuliza swali moja na ofisi nzima ikakosa jibu. Taarifa iliyochapishwa mwezi uliotangulia ilionesha kuwa mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Sikonge alikuwa akidaiwa shilingi 1,840,000. Sasa kompyuta ilisema 840,000, na stakabadhi ya malipo haikuwepo. Nani alilibadilisha salio, lini, na kwa idhini ya nani? Mfumo ule niliuandika mimi mwenyewe, nao ulihifadhi salio jipya tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikwisha kuzitaka SACCOS ziwe na leseni, chama kilikuwa kimeomba ya kwake, na kwa hali hiyo kusingizia kompyuta kusingemsaidia mtu.

Nilifanya kazi siku nne katika chumba cha nyuma. Kila jedwali lililogusa fedha nililiwekea triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe data inapoguswa, ili mstari wowote ukibadilishwa, thamani ya zamani, thamani mpya, saa na jina la aliyebadilisha viandikwe katika jedwali la historia. Kisha nikaipunguzia ruhusa akaunti ya programu, ikabaki na uwezo wa kuongeza mistari katika historia hiyo, si kuisahihisha wala kuifuta. Nikajiona nimemaliza.

Mhasibu mstaafu aliyekuwa akija kusaidia kufunga hesabu aliomba kuona. Alisogeza miwani, akasoma kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hapa pote ni jina moja?" Ilikuwa kweli. Kila mfanyakazi alikuwa na nenosiri lake, lakini programu iliingia kwenye kanzidata, yaani ghala linalohifadhi majedwali yote, kwa akaunti moja kwa niaba ya wote, hivyo triga iliona jina hilo tu na kuliandika kwa uaminifu mkubwa. Ilinibidi nirekebishe programu ili mwanzoni mwa kila muamala iitajie kanzidata mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mzee hakuishia hapo. Alishusha kabatini leja ya mwaka 1994 na kunionesha tarakimu iliyokatwa kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, ikisomeka bado chini yake, na pembeni sahihi, tarehe na maneno machache ya sababu. "Raba tulikatazwa," alisema. Nikaongeza nafasi ya sababu, na muamala usiokuwa nayo ukawa unakataliwa. Ndani ya wiki moja nusu ya sababu zilikuwa nukta tupu, jambo ambalo hakuna triga inayoliweza. Meneja ndiye aliyelimaliza, kwa kuzisoma kila jioni.

Aliyepunguza deni lile hakubainika. Mkulima mwenyewe, alipoitwa, alikiri kwamba hajalipa. Mstari wa kwanza halali katika jedwali la historia una jina la mhasibu wa zamu, salio la 840,000 likipanda hadi 1,840,000, na sababu aliyoiandika taratibu kwa vidole viwili huku mzee akimsimamia: "Kurejesha deni kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa. Aliyelipunguza hajulikani."