Nilichomwa sindano, neno la kwanza lililonitoka ni "samahani"

Wiki tatu zimepita na bado nalifikiria lile neno. Ilikuwa zamu ya usiku, hapa Uingereza, karibu saa kumi alfajiri. Nakusanya trei baada ya mwenzangu kumtoa mgonjwa damu, kumbe sindano imelala chini ya pamba. Ikapita kwenye glavu mpaka kwenye kidole gumba. Inchaji akaja, nami nikamwomba samahani, mimi niliyechomwa.

Waliofanya kazi wodini kule nyumbani hawataniuliza kwa nini. Ukichomwa, swali la kwanza ni "ulikuwa unaangalia wapi?" Kwa hiyo unanyamaza, unajipaka spiriti, unarudi kwa mgonjwa anayefuata. Mwaka niliopata leseni nilichomwa mara mbili na sikumwambia mtu. Miezi ile sikulala vizuri.

Hata usiku ule nilikuwa nimeshakamata pamba ya spiriti nijisugue. Inchaji akanizuia: usisugue, usinyonye, weka kidole kwenye maji yanayotiririka na sabuni. Wagonjwa wangu akawachukua yeye. Nikatolewa damu ya kuhifadhiwa, na mgonjwa akaombwa ridhaa apimwe. Hapo nilijifunza kitu: aliyechomwa hatakiwi kwenda kumwomba mgonjwa mwenyewe, anaenda mtu mwingine. Mchana majibu yakaja salama, sikuhitaji PEP, yaani dawa za kuzuia HIV baada ya ajali kama hii. Ningeihitaji, ni dawa za siku 28, na dozi ya kwanza haingoji: ndani ya saa chache ndiyo bora, zikipita saa 72 hazitolewi tena. Ndiyo maana kunyamaza kunaua. Hatari ya HIV kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama 3 kati ya 1,000, lakini homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100. Sisi tunaogopa ile ya kwanza, ya pili tunaisahau.

Kilichonitoa machozi kilikuja siku ya nne. Mtu wa usalama kazini alifika wodini akaniomba nimwonyeshe nilikosimama. Akapima kwa macho umbali wa kufika kwenye boksi la sindano, akasema liko mbali mno. Wiki ile ile kila toroli ikapata boksi lake. Sheria ya hapa ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri achunguze tukio na aweke boksi karibu na pale kazi inapofanyika. Nilikuwa nimeisoma. Sikuwahi kuona mtu akiitekeleza kwa sababu ya kidole changu.

Lakini msidhani ughaibuni kote ndiyo hivi. Dada mmoja tunayesali naye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea. Mashine ya kunyanyulia imeharibika zaidi ya mwezi, anamhamisha mzee mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti peke yake, kazi ya watu wawili. Mgongo umekwisha. Hasemi, maana viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo huyo. Akipoteza kazi anaweza kubaki na siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine. Sheria ya kunyanyua mizigo ipo tangu 1992 na inamhusu yeye kama inavyonihusu mimi. Hili linaniuma kuliko kidole changu, kwa sababu aliyemleta alijua fika kwamba ataogopa.

Mnaojiandaa kuja, nawasihi: malizeni dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B kabla ya kupanda ndege, mpime kama kinga imeshika, na cheti mkibebe mkononi. Kwenye usaili ulizeni mashine za kunyanyulia ziko ngapi na nani anazikagua. Mwajiri akikasirishwa na swali hilo, amekwisha kukujibu. Jiungeni na chama cha wafanyakazi mwezi wa kwanza, msingoje matatizo.

Jana nilikaa na yule dada jikoni kwangu tukaandika kila siku aliyomnyanyua yule mzee peke yake, tarehe kwa tarehe, tangu mashine ilipoharibika. Zimejaza kurasa mbili. Alhamisi nimebadilisha zamu, naenda naye kwa mtu wa chama.