Nilivyopata Kiswahili cha "entangle"

Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kurasa mbili kuhusu kasa na nyavu, nizitafsiri zisomwe na wavuvi. Nikakwama sentensi ya tatu tu, palipoandikwa kwamba kasa wanakuwa "entangled" kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia samaki wakubwa, na kufa maji.

Niliandika "wananaswa", nikaendelea. Usiku nikairudia, haikunikaa. Panya hunaswa na mtego, ndege na ulimbo, na penye mtego pana aliyeutega. Kile kitenzi cha Kiingereza hakimtafuti mtegaji. Kinautazama uzi, jinsi ulivyomzunguka mnyama asijue atokee wapi. Nikajaribu "wanatatizwa", hiyo ni shida ya kichwani, si ya mapezi.

Asubuhi nikampigia mjomba, Kizimkazi, mtu aliyevua kwa jarife tangu ujana.

"Shikamoo, mjomba. Kasa akiingia jarifeni mnasemaje?"

"Marahaba, mjomba. Kanasa."

"Halafu?"

"Halafu anapiga mapezi atoke. Kila akipiga, uzi unamzonga. Pezi, shingo, mpaka hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Ukitaka kumtoa mzima, ukate jarife."

Kuzonga! Nilikuwa nalo siku zote, maana mtaani kwetu watu wanazongwa na madeni, wanazongwa na kesi, na Kiingereza nacho hukitumia kitenzi hichohicho kwa madeni na kesi. Nikaandika: "Kasa hunasa kwenye jarife, nyuzi zikamzonga, akashindwa kupanda juu kupumua." Vitenzi viwili kwa kimoja, na sijuti, kwa sababu ndivyo inavyotokea baharini.

Tangu hapo nikikutana na "entangle" huuliza kwanza nani kamshika nani. Waya za chaja zikivurugana zenyewe kwa zenyewe, zimetatana. Kwenye fizikia, zile chembe zilizowapa wanafizikia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, hakuna aliyenasa. Kila moja imeshikamana na mwenzake hata zikiwa mbalimbali, nami huandika "zilizofungamana".

Kinyume chake ndicho kilichonifurahisha zaidi. Kiingereza huongeza kiambishi mbele, "disentangle". Sisi tuna tata na tatua, kama ziba na zibua. Kumbe kila tunaposema tumetatua tatizo, tunazungumzia uzi uliofumuliwa mafundo.

Rasimu nilimsomea mjomba kwa simu kabla ya kuituma. Alinisahihisha neno moja tu: pale nilipoandika "wavu", akataka niseme jarife.