Jinsi nilivyomaliza albamu nzima ya hevi metali nikiwa na masikio haya haya

Tangu utoto wangu, kijiko kikigonga sufuria hunipata kama sindano nyuma ya jicho, na bodaboda iliyotobolewa ekzosi ikipita hapa Sakina, Arusha, hunilazimu kusimama na kufumba macho mpaka iishilie mbali. Kwa hiyo mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita akaja kukaa nami, akiwa na begi moja la nguo na spika yenye ukubwa wa ndoo ya lita 10, nilijua kwamba mtihani umehamia kwangu. Kijana huyu hasikilizi singeli wala Bongo Fleva kama wenzake. Yeye ni wa hevi metali, magitaa yanayonguruma na watu wanaoimba kama wamekabwa koo.

Ushauri nilipewa na kila mtu. Mama mwenye nyumba, ambaye ninamheshimu sana, aliniambia nisali na nitazoea. Fundi redio wa mtaani alisema niweke pamba masikioni. Wote walizungumza kwa uhakika wa watu ambao hawajawahi kuumizwa na mlio wa kikombe.

Aliyeniponza zaidi ni mfanyakazi mwenzangu, aliyeapa kwamba trei za mayai zikibandikwa ukutani huzuia sauti kabisa. Nilizunguka Soko la Kilombero na kwa wauza chipsi nikikusanya trei za karatasi, nyingine nikipewa bure na nyingine nikilipia, nikarudi na zaidi ya 60. Sikumbuki gharama yake vizuri, labda elfu ishirini hivi pamoja na gundi. Jumamosi nzima nilibandika chumba cha mdogo wangu kuanzia sakafuni mpaka darini, kisha nikaenda chumbani kwangu, nikakaa kitandani kama malkia, nikamwambia afungulie. Ngurumo ilipita ukutani kama ilivyopita jana yake. Yeye ndiye aliyetoka mbio akishangilia: “Dada, asante! Sasa muziki unasikika vizuri zaidi!” Kumbe trei hupunguza kidogo mwangwi wa ndani ya chumba, lakini ni nyepesi mno kuzuia sauti isitoke, na besi haizitambui hata kidogo. Masika ilipofika zilinyonya unyevu, zikaanza kubanduka moja moja usiku wa manane, na kila iliyoanguka ilinirusha kitandani kuliko gitaa lolote. Mende sitawazungumzia.

Pamba nayo ilikuwa hasara ya namna nyingine. Niliivaa asubuhi hadi jioni kwa muda wa wiki tatu, na nilipoivua niliona hata mfuko wa nailoni unanipigia kelele. Mtaalamu wa masikio niliyemwona baadaye alinieleza kwamba masikio yakinyimwa sauti kila siku, ubongo huongeza usikivu wake ili kufidia, hivyo anayekimbia sauti ndogo hujikuta akiumizwa na ndogo zaidi. Viziba masikio, alisema, ni vya mahali penye kelele za kweli. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu, kiasi kwamba desibeli 100 hubakiziwa dakika 15 tu. Sebule yangu haikuwa na kelele za namna hiyo.

Kilichonifumbua macho ni mvua. Usiku mmoja ilinyesha juu ya mabati mpaka tukawa hatusikilizani, nami nililala fofofo. Asubuhi nilijiuliza inakuwaje mvua kubwa kiasi kile inibembeleze, na kijiko kimoja kinitoe machozi. Mdogo wangu, ambaye hukariri habari za magitaa kuliko alivyowahi kukariri fizikia, alinieleza kwamba amplifaya ya gitaa la namna hiyo husukumwa makusudi kupita uwezo wake, ikakata vilele vya mawimbi ya sauti. Hapo huzaliwa milio mingi ya juu, na tofauti kati ya kishindo cha mwanzo na mlio unaofuata hupungua, hivyo sauti husimama kama ukuta uliosawazishwa. Nikamwambia, basi hayo ni mabati yangu. Kinachoniumiza si ukuta, ni kile kinachochomoza ukutani bila taarifa.

Tulianza kukitafuta. Tuligundua kwamba adui yangu hakuwa gitaa bali matoazi ya ngoma, pamoja na mipasuko iliyo kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu ni kali zaidi. Tukaishusha sehemu hiyo kwenye ikwalaiza ya simu, ile ya kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini, tukaondoa spika kwenye kona, na programu ya kupimia sauti ikawa inasoma desibeli 60 na kitu pale kwenye kiti changu. Programu hizi si za kuaminika sana, ila hutosha kulinganisha jana na leo.

Ujanja ninaojivunia ni wa karatasi. Alichagua albamu ya kwanza ya kundi la Black Sabbath la Uingereza, ya mwaka 1970, inayoanza kwa mvua, kengele na radi kwa zaidi ya nusu dakika kabla gitaa halijashuka kwa kishindo. Nilimwagiza anichoree ramani: hapa mvua, hapa kengele, hapa gitaa linaingia, hapa wananyamaza, hapa wanarudi kwa nguvu, hapa mwendo unakuwa wa mbio. Aliichora kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari, na kila hatari ilipokaribia aliinua kidole. Nami niliweka kiganja juu ya kasha la spika ili besi initangulie mkononi. Kishindo kilipoanguka nilikuwa nakisubiri kama mtu anayesubiri daladala anayoiona inakuja.

Tulimaliza albamu nzima, dakika zisizofika 40. Albamu yao ya tatu, ya 1971, niliiona nyepesi zaidi, kwa kuwa mpiga gitaa wao Tony Iommi, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham, alilegeza nyuzi na sauti ikashuka chini. Kundi la Duma la Nairobi bado linanishinda baada ya dakika mbili, kwa sababu kwao sikuti ukuta bali vioo vinavyopasuka.

Siku ile tulipomaliza albamu ya kwanza, mdogo wangu alifurahi mno hata akaenda mwenyewe jikoni kunitengenezea chai. Akaweka sukari, akakoroga, kijiko kikagonga kikombe, nami nikaruka kutoka kitini. Siku hizi anakoroga kwa mwiko.